Kina Yusupov na kina Romanov: ujirani, ndoa, halafu mauaji

Watu wengi wakisikia stori ya Rasputin wa Urusi wanaishia kwenye sumu, risasi na maiti kutupwa mtoni, wanaona ni kisa cha mtu wa dini mtata na vijana wa kitajiri waliomchoka basi. Ila hapo ndio mwisho wa stori, na ukianzia mwisho huelewi kitu. Swali la kujiuliza ni hili, ilikuwaje Felix Yusupov, kijana aliyeoa mpwa wa Tsar mwenyewe (Tsar ndio mfalme wa Urusi, na huyu ni Nicholas II wa ukoo wa Romanov), ambaye mama yake alikuwa anacheza dansi ikulu, na baba yake alikabidhiwa na Tsar huyohuyo mji wa Moscow, akamuua mtu ambaye mke wa Tsar alikuwa anaamini katumwa na Mungu, tena akamuulia nyumbani kwao, tena akiwa na mtoto wa baba mdogo wa Tsar? Jibu haliko kwa Rasputin. Liko kwenye urafiki wa familia mbili ambao ulikuwa unaoza taratibu kwa miaka kama kumi hivi.

Kwanza tuwajue kina Yusupov. Asili yao sio Warusi, babu wa ukoo alikuwa kiongozi wa Wanogai, watu wa nyika za kusini, Muislamu, jina lake Yusuf, karne ya 16 huko, watoto wake wakaja kuhamia upande wa Tsar na karne iliyofuata mmoja wa kizazi chake akabatizwa Orthodox, na toka hapo wakawa wanapanda tu. Kufika mwisho wa karne ya 19 mali yote ya ukoo ilikuwa imeangukia kwa mwanamke mmoja, Zinaida, aliyezaliwa 1861, maana hakukuwa na mtoto wa kiume aliyebaki. Aliolewa na Felix Sumarokov-Elston (baba wa yule Felix wa mwanzo) mwaka 1882, na Tsar akatoa kibali maalum mume achukue jina na cheo cha mkewe ili jina lisife, ndio ujue uzito wa hawa watu. Walikuwa na kasri kwenye mfereji wa Moika pale St. Petersburg, wakawa na Arkhangelskoye nje ya Moscow, Koreiz kule Crimea pwani ya Bahari Nyeusi, Rakitnoe mkoa wa Kursk, na nyingine nyingi. Mjini ilikuwa inasemwa waziwazi kwamba hawa jamaa wana pesa kuliko Tsar.

Sasa hapa kuna kitu lazima kieleweke kabla hatujaenda mbele, vinginevyo utaona ni umbea tu wa matajiri. Urusi ya wakati ule haikuwa na njia ya kawaida ya kumfikishia mtawala malalamiko. Mawaziri wanateuliwa na Tsar na kufukuzwa na Tsar, kila mmoja anaripoti kwake peke yake. Bunge lao, Duma, lilikuja 1906 baada ya vurugu za 1905, na hata hilo lilikuwa linaweza kupiga kelele mpaka koo likauke lakini haliwezi kumng'oa waziri hata mmoja. Kwa hiyo ukitaka jambo lako lisikike ni lazima uwe unaingia nyumbani. Uwe unakaribishwa chai, watoto wenu wacheze pamoja, mkikutana Crimea wakati wa likizo mtembeleane. Urafiki ndio ulikuwa ofisi, na rafiki akishafungiwa mlango hana sehemu nyingine ya kwenda, mambo yake yote yanabaki kifuani au yanaishia kwenye njama. Sheria za ukoo nazo zilikuwa zinaongeza ukuta, maana wa damu ya kifalme walitakiwa waoane wao kwa wao, makabaila hata wawe na dhahabu kiasi gani wanabaki marafiki, sio ndugu. Nicholas II alikuja kulegeza kidogo mwaka 1911 kwa wale wa ngazi za chini ndani ya ukoo, na huo upenyo mdogo ndio kina Yusupov walikuja kupitia.

Kiungo cha familia hizi mbili alikuwa mwanamke mwingine kabisa, na kwangu mimi huyu ndiye mtu wa muhimu kuliko wote kwenye kisa hiki japo hatajwi sana. Elizabeth, wao walimuita Ella. Mjerumani wa Hesse, mjukuu wa Malkia Victoria wa Uingereza, aliletwa Urusi 1884 kuolewa na Sergei, ambaye ni baba mdogo wa Nicholas. Sergei na Ella walikuwa na shamba lao Ilyinskoe nje ya Moscow, jirani na Arkhangelskoye ya kina Yusupov, na mume wa Zinaida alikuwa msaidizi wa kijeshi wa Sergei, basi hapo ujirani ukawa urafiki na urafiki ukawa wa kushibana. Zinaida na Ella walikuwa wa rika moja karibu, wote warembo wa kutajwa, na watoto wa Zinaida walikua wanamuona Ella kama mtu wa nyumbani.

Halafu mdogo wake Ella naye akaja kuolewa hukohuko. Alix, ambaye tunamjua kama Malkia Alexandra. Kwa hiyo Ella akawa wakati mmoja ni mke wa baba mdogo wa Tsar na ni shemeji wa Tsar, na rafiki yake Zinaida akawa na mlango wa moja kwa moja mpaka chumba cha ndani. Kwenye karatasi hakuna mtu aliyekuwa amejipanga vizuri kama kina Yusupov mwaka 1894.

Tatizo ni Alix mwenyewe. Aliingia Urusi kwenye msiba, baba mkwe Alexander III kafariki Crimea Oktoba 1894, harusi ikafungwa wiki chache baadaye watu bado wako kwenye majonzi, na wenye kupenda ishara mbaya wakapata cha kusema. Alikuwa mwenye haya sana, kwenye kadamnasi uso unamuiva madoamadoa, Kifaransa ambacho ndio lugha ya makabaila hakimtoki vizuri, na akionekana kimya watu wanasema anaringa. Mama mkwe wake Maria Feodorovna, Mdenmark, alikuwa kinyume chake kabisa, mchangamfu, anajua jina la kila mtu, na kwa itifaki ya Urusi mjane wa Tsar anatangulia mbele ya mke wa Tsar aliyeko madarakani, kwa hiyo kila sherehe bibie anatembea nyuma ya mama mkwe. Jamii ya juu ikachagua upande mapema sana. Na yeye akajibu kwa kujifungia. Dansi kubwa ya mwisho ya ikulu ilikuwa Februari 1903, ile ambayo wageni walivaa mavazi ya Urusi ya karne ya 17 na Zinaida akacheza dansi ya Kirusi ikawa gumzo. Baada ya pale hakukuwa na nyingine ya namna ile.

1904 akazaliwa mtoto wa kiume baada ya mabinti 4, Alexei, na ndani ya wiki chache wakagundua ana himofilia, damu haigandi, akijigonga kidogo anavuja kwa ndani na maumivu yake hayaelezeki. Wakaamua iwe siri. Naomba uushike huo uamuzi, maana nusu ya yaliyofuata yametoka pale. Familia ikahamia moja kwa moja Tsarskoe Selo, nje ya mji, wageni wakapungua, malkia akawa anaumwa moyo na mgongo na kila kitu, na huko nje watu hawajui kwa nini. Wanachoona ni malkia aliyekata mguu kwa kila mtu. Halafu Novemba 1905 wake wawili wa ndani ya ukoo, Militsa na Anastasia, binti za mfalme wa Montenegro, wakawakutanisha na mkulima wa Siberia anayesali, Grigori Rasputin. (Hao kina dada wenyewe baadaye walikosana na malkia, na mume wa Anastasia, Nikolai Nikolaevich, akawa adui mkubwa wa Rasputin. Ukoo mzima ulikuwa hivyo, tungekaa hapa mpaka kesho.)

Mtu ambaye hajui kuhusu mtoto anaona nini? Anaona mama wa taifa kamkumbatia mlevi mwenye sifa mbaya kwa wanawake. Mtu anayejua anaona mama ambaye mtoto wake akizidiwa huyu mtu akisali, au akituma telegramu kama ilivyokuwa 1912 kule Spala, Poland, mtoto akiwa karibu kufa, mtoto anapata nafuu. Kwa Alix hoja ilikuwa imefungwa hapo, anayemsema Rasputin vibaya anataka mwanangu afe.

Ila Ella alikuwa anajua. Ugonjwa ule ulikuwa wa kwao, mdogo wake wa kiume Friedrich alikufa nao 1873 akiwa na miaka 2 tu. Kwa hiyo huwezi kusema Ella alimpinga Rasputin kwa kutoelewa. Mumewe Sergei aliuawa kwa bomu ndani ya Kremlin Februari 1905, yeye akatoka mbio akaokota vipande vya mwili wa mumewe kwa mikono yake, akaja kwenda gerezani kuonana na muuaji, akauza vito vyake akaanzisha nyumba ya watawa Moscow mwaka 1909 na kuhudumia maskini. Huyu alikuwa na dini ya kweli, na kwake Rasputin alikuwa anaichafua dini. Madada wawili, wote wacha Mungu, mmoja anamuona mtu huyohuyo ni mtakatifu na mwingine anamuona ni shetani. Na makabaila wa Moscow wote walikuwa upande wa mtawa.

Zinaida naye alishapata pigo lake. 1908 mtoto wake mkubwa Nikolai, miaka 25, alijiingiza kwenye mapenzi na mke wa mtu, mume akamuita kwenye pambano la bastola kama ilivyokuwa desturi ya wenye vyeo, akapigwa akafa. Ella alisimama nao kwenye msiba ule, na mdogo wa marehemu, Felix, ambaye sasa ndiye mrithi pekee wa utajiri wote ule, akamshika Ella kama mama wa pili. Kumbuka pia Ella ndiye aliyemlea Dmitri Pavlovich, mtoto wa baba mdogo wa Tsar niliyemtaja mwanzo, kwa sababu baba yake Dmitri alifukuzwa nchini 1902 kwa kuoa mwanamke asiyeruhusiwa. Unaona sasa? Wauaji wawili wakubwa wa Desemba 1916 wote wametoka mikononi mwa dada yake malkia.

Februari 1914 Felix akamuoa Irina, binti wa dada yake Tsar, kwenye kasri la Anichkov, bibi harusi akisindikizwa na Tsar mwenyewe. Kabla ya hapo posa iliyumba, maneno yalifika kwa wakwe kuhusu tabia za Felix, maana ujana wake ulikuwa na mengi ikiwemo kuvaa nguo za kike na kwenda kumbi za starehe. Ila ikapita. Felix alikuja kusimulia kwamba Tsar alimuuliza anataka zawadi gani, yeye akaomba aruhusiwe kukaa kwenye viti vya familia ya kifalme pale ukumbi wa tamthilia. Mtu ana kila kitu, anaomba kiti! Lakini ndio hivyo, kitu pekee ambacho kina Yusupov hawakuweza kununua kilikuwa ukaribu, na mwaka ule walikuwa wameupata mpaka kwenye damu.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikaharibu kila kitu. Mei 1915 baba yake Felix akateuliwa kuiongoza Moscow, na mwezi huohuo mji ukalipuka, watu wakavunja maduka ya Wajerumani na yeyote mwenye jina la kufanana, umati ukaenda mpaka kwenye nyumba ya watawa ya Ella wakamrushia mawe wakimuita Mjerumani. Kabla mwaka haujaisha mzee Yusupov akaondolewa kwenye cheo. Nyumbani kwake hakuna aliyeliona hilo kama suala la kazi tu. Waliona mkono wa Tsarskoe Selo. Agosti hiyohiyo Tsar akamtoa Nikolai Nikolaevich kwenye ukuu wa majeshi akaenda kukaa mwenyewe makao makuu ya vita, mke akabaki nyuma anaandika barua kila siku, fulani atolewe, fulani awekwe, rafiki yetu (ndio Rasputin) kasema hivi. Toka mwanzo wa 1916 mpaka mwanzo wa 1917 nchi ilipitia mawaziri wakuu 4.

Kiangazi cha 1916 Zinaida akaamua kwenda mwenyewe kumwambia malkia ukweli usoni. Tunayo simulizi ya Felix, na Felix ni mtu wa kusikilizwa kwa tahadhari kwa sababu anapenda stori ipendeze, lakini hapa anakubaliana na mambo mengine tunayoyajua. Malkia alimpokea kwa ubaridi, alipojua kilichomleta akamtaka aondoke. Zinaida akagoma kuondoka mpaka amalize. Malkia akamsikiliza kimya, akasimama, akamuaga kwa maneno ya kwamba anatumaini hatamuona tena. Urafiki wa zaidi ya miaka ishirini ukaishia pale.

Sasa angalia lugha ya barua baada ya pale. Novemba 1916 Zinaida yuko Crimea anamuandikia mwanae, na anaandika kwa mafumbo kwa sababu anajua barua zinafunguliwa. Malkia anamuita Valide, kile cheo cha mama wa sultani kule Istanbul, Rasputin ni "msimamizi" kama vile ni mtu wa shambani, na spika wa Duma, Rodzianko, ni "mjomba Misha". Anamwambia kwamba msimamizi asipoondolewa na Valide asipoacha kuingilia mambo ya serikali, hakuna kitakachotatuliwa kwa amani, na akamwambie hivyo mjomba. Mama, kwa mtoto, kwa amani haiwezekani. Sisemi alimtuma akaue. Nasema mtu aliyefungiwa mlango ameacha kuongea na mwenye nyumba, sasa anaongea na watu wengine.

Ella akajaribu mara ya mwisho Desemba. Akaja mpaka Tsarskoe Selo, mdogo wake akakataa kuongelea habari ile, kesho yake akasindikizwa treni. Hawakuonana tena maishani. Akapitia kwa kina Yusupov, na Felix anasema aliingia anatetemeka, analia, akasema kanifukuza kama mbwa, maskini Nicky, maskini Urusi.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Desemba kwa kalenda yao ya zamani, Rasputin akaalikwa kwenye kasri la Moika kwa kudanganywa kwamba atakutana na Irina, ambaye muda huo alikuwa Crimea na hakuwepo kabisa. Mengine ya usiku ule yameshasimuliwa sana na mengi yameongezewa chumvi, mimi nayapita. Kinachonivutia ni asubuhi yake. Polisi walisikia milio ya risasi, jibu likawa kwamba wageni walilewa wakampiga mbwa. Na Felix akakaa chini akamuandikia malkia barua ya heshima zote, kwamba ameshtushwa kusikia anahusishwa, na kwamba hajui lolote. Yaani mpaka pale bado anatumia njia ileile ya mtu wa nyumbani, barua binafsi kwa mwenye nyumba.

Malkia hakudanganyika. Akaagiza Dmitri afungiwe nyumbani kwake, amri ambayo kisheria ilikuwa ya Tsar kutoa na sio yake. Na kilichommaliza zaidi nadhani ni telegramu. Ella, ambaye alikuwa hija kwenye monasteri ya Sarov wakati mambo yanatokea, alituma salamu kwa Dmitri na kwa Zinaida, anawaombea na anakiita kitendo cha Felix cha kizalendo. Telegramu zikanaswa zikapelekwa mezani kwa malkia. Dada yako wa tumbo moja, mtawa, anashangilia kifo cha mtu unayeamini ndiye anamuweka mwanao hai. Hapo hakuna cha kupatanisha.

Ukoo wa Romanov ukaandika barua ya pamoja kumuombea Dmitri, ambaye Tsar alishaamua apelekwe kwenye jeshi kule Uajemi, asipelekwe huko kwa sababu ya afya yake, wakasaini wengi. Nicholas akaijibu palepale juu ya karatasi yao, kwamba hakuna mwenye haki ya kuua, na kwamba anajua dhamira za wengi zinawasuta kwa maana Dmitri hakuwa peke yake, na anashangaa wao kumuandikia. Kwa hili mimi namuelewa Nicholas kuliko ninavyowaelewa wale waliosaini. Felix akapelekwa kukaa Rakitnoe, shambani kwao, adhabu ambayo mkulima wa kawaida angeiomba. Wiki chache baadaye, Machi 1917, Tsar akajiuzulu, na alipotazama pembeni kutafuta nani wa kumtetea ndani ya ukoo na kwa makabaila hakukuwa na mtu.

Ella aliuawa na Wabolshevik, wanamapinduzi waliokuwa wameshika nchi, Julai 1918 huko Alapaevsk, akatupwa kwenye shimo la mgodi, siku moja tu baada ya mdogo wake na familia yake kupigwa risasi Yekaterinburg. Dmitri alipona kwa sababu ya ile adhabu yenyewe, alikuwa Uajemi. Aprili 1919 manowari ya Waingereza, Marlborough, ikaondoka Yalta, Crimea, ikiwa imembeba mama yake Tsar, kina Yusupov wote na Nikolai Nikolaevich na mkewe Anastasia, yule aliyeshiriki kumleta Rasputin, wote meli moja.

London, 1920, Felix na Dmitri wakakosana na wao. Dmitri alimuandikia kwamba tofauti yao ni moja, Felix anaongelea ule usiku karibu kwa kujisifu na yeye kwake ni doa jeusi kwenye dhamira. Felix hakuacha, akachapisha, akahojiwa. Mwaka 1934 Irina akaishitaki kampuni ya MGM mahakamani London kwa filamu iliyomuonyesha mwanamke anayefanana naye akiwa ameharibiwa na Rasputin, akashinda paundi 25,000, na ili kesi isimame ilibidi Felix apande kizimbani aeleze mbele ya mahakama na waandishi wa habari jinsi alivyoua, mambo yaleyale ambayo Dmitri hata familia yake mwenyewe hakutaka kuiambia.